Betri ya Ndani Haijai: Kutafuta Kosa la Chaji Kwenye Gari la Kulala

Friji inazima alfajiri. Ndilo neno la kwanza ninaloambiwa na wenye magari ya kulala wanaponiita, awe mtu yuko Jambiani au Kizimkazi hapa Unguja, au ameegesha kule Vumawimbi, Pemba. La pili huwa: "Fundi, betri imekufa, nitafutie nyengine." Nami huomba nipewe robo saa na mita kabla mtu hajatoa pesa, kwa sababu betri nyingi nilizozikuta zimelaumiwa zilikuwa na njaa tu. Umeme ulikuwa unatengenezwa vizuri, ukipotea njiani.

Betri kubwa hapa kwetu zinavushwa bahari, na bei yake si ya kubahatisha. Nimemuona kijana mmoja anayetembeza wageni akibadilisha betri mbili ndani ya mwaka mmoja kwa kosa la bolti. Habari yake nitaieleza, maana ndani yake mna karibu kila kitu unachohitaji kujua.

Ninaposema gari la kulala nakusudia gari lolote lenye kitanda, friji na taa za ndani: HiAce iliyogeuzwa, Land Cruiser yenye hema juu, au gari kubwa la wageni lililoteremka na meli kutoka bara. Kwa kawaida yana betri mbili. Ya injini kazi yake ni kuwasha gari. Ya ndani inabeba friji, taa, feni, pampu ya maji na simu, na inalishwa kwa njia tatu: alteneta ya injini (inayotengeneza umeme injini ikizunguka), paneli za sola juu ya paa, na chaja ya umeme wa ukutani. Njia hizi zitenganishe. Zima mbili, upime moja. Anayepima zote kwa pamoja ataona volti nzuri asijue zimetoka wapi.

Mita iwekwe wapi

Mita ya bei nafuu inatosha. Iweke kwenye volti za DC (umeme wa betri), kipimo cha 20, na ncha zake ziguse vichwa vyenyewe vya risasi vya betri, si terminali zilizovishwa juu yake. Kati ya kichwa na terminali ndipo kutu inapokaa, na ukipima juu ya terminali unaweza kulipita kosa bila kuliona.

Pima mara ya kwanza betri ikiwa imepumzika, haipokei wala haitoi chochote kwa muda wa saa nne au zaidi. Wakati mzuri ni baada ya swala ya Alfajiri, jua halijagusa paneli. Betri ya risasi ya volti 12 iliyojaa husoma 12.6 au 12.7, zile za AGM (betri za risasi zilizofungwa, zisizoongezwa maji) hupanda mpaka 12.8. Ikisoma 12.4 ina robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 ni robo, na chini ya 11.8 ihesabu tupu. Ukipima mara tu baada ya kuzima injini utaona 13 na kitu, ukafurahi bure. Hiyo ni chaji ya juu juu, itashuka yenyewe.

Kisha washa njia moja ya chaji. Volti zikipanda kuelekea 14.2 au 14.4, njia hiyo inafika. Zikibaki 12 na kitu, au zikaganda kwenye 13 siku nzima, rudi nyuma ukipima hatua kwa hatua: mwanzo wa njia volti ngapi, mwisho wa njia ngapi, na baina yake zimepotelea wapi.

Injini inawaka, betri ya ndani haipandi

Anza mbele. Injini ikizunguka, betri yake inapaswa kusoma kati ya 13.8 na 14.4. Ikiwa inasoma 12.5 na inazidi kushuka, kosa liko kwa alteneta, usihangaike na waya za nyuma. Tazama mkanda kwanza. Mkanda uliolegea hulia asubuhi baada ya mvua na hulia zaidi ukiwasha taa kubwa. Tazama pia taa ya betri kwenye dashibodi. Wengi wanajua kuwa ikiwaka wakati wa kwenda kuna kosa, lakini wachache wanatazama kama inawaka pale unapofungua swichi kabla ya kupiga stata. Kwenye magari mengi ya zamani umeme wa kuamsha alteneta hupitia kwenye taa hiyo. Balbu ikiungua, au waya wake mwembamba ukikatika, alteneta nzima hulala na hakuna kinachokuonya.

Kuna kipimo kimoja zaidi ambacho mafundi wengi wanakiruka. Injini ikiwa inawaka, geuza mita kwenye volti za AC (umeme wa aina ya ukutani), upime vichwa vya betri. Ikizidi nusu volti, shuku diodi (kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu) ndani ya alteneta. Diodi mbovu hupunguza chaji mchana, na usiku inaweza kuvujisha umeme wa betri kurudi kwenye alteneta.

Kama betri ya injini inasoma vizuri na ya ndani haipandi, basi kosa liko kwenye njia baina ya hizo mbili: fyuzi, rilei (swichi inayojifunga na kujifungua kwa umeme), waya, au ethi, yaani njia ya hasi inayorudi kupitia bodi ya gari.

Sasa yule kijana. HiAce yake nilifuatwa niitazame Makunduchi, jua limesimama, wageni wamekwenda pwani. Betri ya tatu, mpya kabisa, na friji bado inazima alfajiri. Injini ikiwaka, betri ya mbele ilisoma 14.1. Ya nyuma, chini ya kitanda, 12.9. Volti 1.2 zimepotea, na kwa betri hicho si kitu kidogo; ndiyo tofauti ya kujaa na kutojaa kabisa. Nikachukua waya mrefu wa mita, ncha moja kwenye chanya ya mbele, ya pili kwenye chanya ya nyuma. Mita ikasema 0.3. Upande wa chanya basi si mbaya. Nikahamia hasi kwa hasi: 0.9.

Waya mweusi ulitoka kwenye betri ukaenda kwenye bolti ya bodi, nyuma ya ubao wa kitanda. Gari lilikuwa limepakwa rangi ya maziwa lilipogeuzwa, na aliyelifanya alikaza bolti juu ya rangi. Nilipoilegeza kwa spana, washa, kile kipete cha chuma chini ya bolti, ilikuwa imechora duara kwenye rangi, na kuzunguka duara lile palikuwa na kutu ya hudhurungi iliyochanganyika na chumvi nyeupe, ngumu kama ukoko wa wali. Umeme wote wa kurudi ulikuwa ukipita kwenye uzi wa bolti tu. Nikapiga msasa mpaka chuma kikang'aa, nikaweka washa yenye meno, nikakaza, kisha nikapaka grisi juu. Grisi ni baada ya kukaza, kuzuia hewa ya bahari, si kabla. Injini ikawashwa tena: 13.7, na inapanda.

Kwa hiyo ukikuta volti zimepungua, tafuta ethi kabla ya chochote. Kwenye mwambao wa mashariki, msimu wa kusi, rasharasha za bahari huingia kila mahali, na bolti ya ethi iliyo chini ya gari haina wa kuitazama.

Ethi ikiwa sawa, pima fyuzi pande zote mbili na mzigo ukipita. Fyuzi kubwa inaweza kuonekana nzima huku miguu yake imeliwa. Halafu rilei. Zile zinazofuata volti huunganisha betri mbili ile ya mbele ikifika karibu 13.3 na kuzitenganisha ikishuka karibu 12.8, utasikia mlio wake mdogo. Ikilia lakini upande wa pili hauna volti sawa, vidole vyake vya ndani vimeungua.

Mwisho ni unene wa waya. Hapa ndipo magari yanayogeuzwa mitaani yanapokosewa sana. Chukua njia ya mita 6 kwenda na mita 6 kurudi, ampea 25. Kwa waya wa shaba wa milimita mraba 6, unapoteza karibu volti 0.9 kabla hata kutu haijaingia. Kwa waya wa 16 unapoteza 0.3 na kidogo. Waya mwembamba hauharibiki, hautoi moshi, hauna dalili yoyote ya nje. Unanyima tu, kila siku.

Kwa magari mapya ya Ulaya kuna jambo jengine. Alteneta zake zinaongozwa na kompyuta: ukiwasha unaona 14.4, baada ya dakika chache barabarani zinashuka mpaka 12 na nusu, makusudi, kuokoa mafuta. Hapo hakuna kilichoharibika. Gari kama hilo linahitaji chaja ya DC kwa DC baina ya betri mbili, ambayo hupokea volti zozote zinazokuja na kuzipandisha.

Inachajiwa kila siku, lakini haimalizi mwaka

Dalili hii ni ya kisiwani, na sijaona ikielezwa vya kutosha. Unguja kutoka kaskazini mpaka kusini ni kama kilomita 85. Mjini hadi Paje ni safari ya saa moja, Nungwi saa moja na kitu. Mwenye gari anasema, kwa haki kabisa, "Naendesha kila siku." Lakini betri ya risasi haili chakula chake hivyo. Robo tatu ya mwanzo inapokea kwa haraka, ampea nyingi. Sehemu ya mwisho, kutoka asilimia 80 hadi kujaa, inapokea polepole kwa saa nyingi, hata ukiwa na alteneta kubwa namna gani. Kutoka nusu hadi kujaa kabisa hesabu saa nane au zaidi. Saa moja ya barabarani inaiacha njiani, usiku friji inaichota tena, kesho vilevile.

Betri ya risasi inayokaa bila kujaa, ile salfeti (chumvi ya risasi) iliyo kwenye sahani zake za ndani hugeuka fuwele ngumu zisizoyeyuka tena. Inapoteza uwezo kidogo kidogo. Baada ya miezi, inajaa upesi sana na kuisha upesi sana, kama mtungi uliojaa mchanga. Mtu akiona inajaa upesi anadhani ni afya.

Dawa yake si kuendesha zaidi. Angalau mara moja kwa wiki ipe siku nzima ya sola safi au usiku mzima wa chaja ya ukutani, mpaka ampea zinazoingia zishuke karibu na sifuri huku volti ziko juu. Ikiwa ni betri ya maji, pima kila chumba kwa haidromita, kipimo cha uzito wa asidi: 1.265 hadi 1.28 ni kujaa. Vyumba vitano vikiwa sawa na kimoja kimeachwa nyuma sana, hicho kimekufa na betri nayo haina muda.

Na maji yenyewe: ongeza maji safi ya betri, si asidi, na kamwe si ya kisima. Visima vyetu viko kwenye mawe ya matumbawe, maji yake yana chokaa, na karibu na pwani yana chumvi. Vyote viwili vinaua sahani. Dukani uliza vizuri, maana baadhi ya watu huita asidi pia "maji ya betri".

Jua kali, sola haileti kitu

Unguja iko kama nyuzi 6 tu kusini ya ikweta, kwa hivyo paneli iliyolala bapa juu ya paa inafanya kazi vizuri. Tatizo la kwanza ni mnazi. Kila mtu anapenda kuegesha kwenye kivuli cha mnazi, na ninaelewa, kwa joto la kaskazi. Lakini paneli ya kawaida ya volti 12 ina seli 36 zilizofungwa kwa mfululizo, na kivuli cha kuti moja juu ya seli chache kinabana paneli nzima, kama mtu aliyekanyaga mpira wa maji. Usidhani robo ya kivuli ni robo ya hasara. Tena nazi ikianguka hakuna paneli itakayosalia. Egesha juani kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa tisa mchana, wewe ukae kwenye kivuli.

La pili ni ukungu wa chumvi na vumbi. Futa kwa maji baridi na kitambaa laini asubuhi, paneli haijapata moto.

Ikibaki dhaifu, fungua waya za paneli kutoka kwenye kontrola (kisanduku kinachoongoza chaji ya sola kwenda kwenye betri), upime juani: karibu volti 20 hadi 22 bila mzigo. Zipo? Paneli pengine ni nzima. Fuata viunganishi vya paa, vifungue, utazame kama ndani mna ukijani. Hazipo? Tazama kisanduku cha nyuma ya paneli, diodi au waya umeachia. Paneli zikiwa sawa na kontrola haichaji, angalia fyuzi baina yake na betri, na angalia aina ya betri iliyochaguliwa ndani ya kontrola. Unapofunga tena, waya za betri kwanza, za paneli mwisho. Ukianza na paneli, kontrola nyingine hushindwa kujua ni mfumo wa volti ngapi, na nyingine huungua.

Msimu wa masika hesabu tofauti. Wingu la siku tatu si kosa la fundi.

Chaja ya ukutani

Hapa nitapita haraka. Umeme wetu ni volti 230, lakini mwisho wa laini kule shamba, jioni kila mtu akipika na kuwasha feni, unaweza kushuka sana, na chaja nyingi hujizima zenyewe. Pima kwenye soketi ya gari, si ya nyumba, maana waya mrefu mwembamba wa kuazima nao unakula. Uukunjue wote, uliozungushwa kwenye kibiringo hupata moto. Feni ya chaja ikiziba kwa mchanga, chaja hupunguza kazi ili isiungue, na wewe utaona ampea 30 zilizoandikwa zimekuwa 10.

Walioishi Unguja kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, waya wa chini ya bahari ulipoharibika na kisiwa kikakaa miezi mitatu bila umeme, wanakumbuka jenereta. Ukichaji kwa jenereta ndogo ya petroli, usitumie tundu lake la volti 12, ni dogo na halidhibiti kitu. Chomeka chaja yako ya kawaida kwenye tundu la volti 230.

Inajaa kweli, na bado inaisha alfajiri

Basi usitafute kosa la chaji. Piga hesabu. Friji ya kompresa hula kama ampea 4.5 inapozunguka, na kwa joto letu inaweza kuzunguka nusu ya siku: saa 12, ampea-saa 54. Feni ya ampea 2 kwa saa 8 ni 16. Taa, pampu na simu, sema 10. Jumla 80. Betri ya risasi ya ampea-saa 100 haipendi kutolewa zaidi ya nusu yake. Paneli ya wati 200 siku nzuri italeta kama ampea-saa 60. Mwenye gari hili anaweza kununua betri kila mwaka na friji itaendelea kuzima. Inveta (kifaa cha kugeuza umeme wa betri kuwa volti 230) iliyoachwa imewashwa usiku bila kuchomekwa kitu nayo inakula. Izime kwa swichi yake.

Joto, uvimbe, harufu ya mayai mabovu

Hapa simama. Zima chaja zote, fungua milango, usiwashe sigara wala kibiriti, usichomoe waya wakati chaja inafanya kazi, kwani betri ya risasi hutoa haidrojeni na cheche moja inatosha. Mara nyingi chumba kimoja kimekufa: betri inakwama karibu na 10.5, chaja haiachi kusukuma, na vyumba vitano vilivyobaki vinachemka. Sababu ya pili ni volti kubwa kuliko joto linavyoruhusu. Mipango ya chaja imewekwa kwa nyuzi 25, na kila nyuzi moja juu yake betri ya risasi ya volti 12 inataka pungufu ya volti 0.02 hadi 0.03. Chini ya kiti cha gari lililosimama juani, nyuzi 40 ni kitu cha kawaida, kwa hivyo 14.4 inakuwa nyingi kwa volti 0.3 au 0.4. Chaja yenye waya wa kupima joto ifungwe waya huo kwenye betri, si kuachwa ndani ya boksi. Asidi ikikugusa jicho, maji safi mengi, muda mrefu, kisha hospitali.

Ikiwa ni lithiamu

Vipimo vya juu havihusiki. Iliyojaa husoma karibu 13.3 ikipumzika, na inakaa hapo hapo mpaka karibu na kuisha, kwa hivyo volti hazikwambii mengi. Ikisoma sifuri ghafla, ulinzi wake wa ndani umejifunga: imeisha kabisa, imepata moto, au mzigo ulizidi. Iache ipoe, ondoa mizigo yote, kisha chaji kwa chaja ya lithiamu yenye uwezo wa kuiamsha. Na usiifunge moja kwa moja na alteneta kwa rilei. Inavuta ampea nyingi bila kuchoka, na alteneta ndogo huungua.

Na kama kweli imekufa

Imejazwa usiku kucha, imepumzika, inasoma 12.6, ukiwasha taa na feni inaanguka mpaka 11 ndani ya dakika chache: hiyo imekwisha. Ya zamani iuze kwa wanunuzi wa vyuma ikiwa na asidi yake ndani, usiimwage uani karibu na kisima.

Dukani nenda na mita. Betri mpya ya risasi inayosoma chini ya 12.4 imekaa rafuni muda mrefu bila chaji, omba nyengine. Siku unapoifunga, washa kila njia peke yake, pima mbele na nyuma, uandike namba kwenye tepu nyeupe, uibandike ndani ya kifuniko cha kitanda pamoja na tarehe. Atakayekuja kulala chini ya kitanda hicho na mita yake miaka miwili baadaye, awe mimi au fundi mwengine, ataanzia hapo.